Picha ukiiediti sana bado ni picha? Namna ninavyojipima mimi

Hili swali madogo wananiuliza karibu kila wiki, tena wengine wanatuma picha saa sita usiku, "kaka hii nimeipiga editi ya kufa mtu, bado naweza kusema nimepiga picha au nishakuwa mtu wa grafiksi?" na mi huwa nacheka kwanza maana najua dogo ametoka kubishana na mtu. Kuna watu msimamo wao ni mmoja, picha halisi haiguswi, ikitoka kwenye kamera imetoka. Kuna wengine kwao kila kitu fresh tu, badili anga, badili gauni, badili hadi kichwa, kikubwa mteja alipe. Mi napiga harusi na matukio hapa Dar, mwaka wa kumi na kitu huu, na nimeshaharibu kwa njia zote mbili, kwa hiyo naandika jinsi ninavyofanya siku hizi, we chukua kinachokufaa kingine acha.

Kipimo changu nikiweke mezani mapema: mwonyeshe mtu aliyekuwepo. Sio mshkaji wako wa editi, huyo atasema "kali" tu. Mtafute aliyesimama pale pale siku ile. Akiangalia akasema "ehee, palikuwa hivi hivi", basi hata kama umesota masaa matatu na slaida (vile vitelezo vya kurekebisha mwanga na rangi), hiyo ni picha. Akisema "hee, hapa ni wapi?" au "huyu nani?", umeshahama, sasa hivi unachora. Kuchora sio dhambi na hela yake ni nzuri tu, ila kazi ibadilishwe jina.

Na wale wa "picha halisi haiguswi" naomba mnivumilie kidogo. Simu yako inaediti kabla hujaiona hiyo picha. Ukipiga usiku inachukua fremu kadhaa inazichanganya, inanyanyua giza, inanoa kingo, inalainisha uso, na yote hayo hujaombwa ruhusa. Mwaka 2023 kuna jamaa alichukua picha ya mwezi akaipunguza na kuififisha makusudi mpaka ikabaki ukungu mtupu, akaiweka kwenye skrini ya kompyuta akazima taa, akaipiga kwa simu ya Samsung ya bei mbaya, simu ikamrudishia mwezi wenye mashimo yake yote safi kabisa. Mashimo ambayo kwenye ile skrini hayakuwepo! Sasa huyo hajaediti kitu, kabonyeza tu.

Na sio mambo ya juzi. Miaka ya 1850 kule Ufaransa mpiga picha Gustave Le Gray alikuwa anapiga bahari, tatizo kemikali za wakati ule zilikuwa zinaona bluu kupita kiasi, mbingu inatoka nyeupe pee, basi akawa anapiga bahari peke yake na mawingu peke yake halafu anazichapa kama picha moja. Mwaka 1857 Oscar Rejlander, yeye Uingereza, aliunganisha negativu zaidi ya 30 kupata picha moja. Ansel Adams wa Marekani, ambaye wazee wa filamu wanamtaja kama mtume, ile picha yake ya mwezi juu ya kijiji cha Hernandez ya mwaka 1941 mbingu yake kaikoleza weusi chumba cha giza, na kila miaka ikienda anaikoleza zaidi. Mwenyewe alikuwa anasema negativu ni kama noti za muziki na kuchapa ndo kupiga wimbo wenyewe.

Hata huku kwetu. Lamu kulikuwa na Omar Said Bakor na studio yake, mzee anakata na kuunganisha picha mpaka sura ya mtu inakaa mahali ambapo mtu hakai. Pale Likoni kwenye kivuko cha Mombasa miaka ya tisini vibanda vya picha vilikuwa na mapazia yamechorwa meli na ndege, mtu ametoka zamu ya usiku anapiga picha na ndege nyuma anatuma nyumbani. Kuna aliyedanganywa? Ndege ile ya kitambaa hata bibi kijijini alijua ni kitambaa, akafurahi hivyo hivyo, akaining'iniza ukutani. Mi huwa naanzia hapo nikitaka kujua nimekosea wapi, namfikiria yule bibi, je anajua hii ndege ni kitambaa au nimemficha?

Kabla ya chochote, faili la kwanza lisiguswe

Hili nalisema kwa uchungu. Miaka ya nyuma nilipiga harusi moja Tabata, picha ya familia kubwa, watu kama ishirini. Wiki inayofuata bibi harusi ananiambia kaka yule mama wa pembeni mwenye kitenge cha kijani mtoe, hakuvaa sare, anaharibu. Kwangu kazi rahisi, mama yupo pembeni kabisa na nyuma yake kuna pazia jeupe, dakika kumi kaisha, nikasevu juu ya faili lile lile, kadi nikaifuta maana Jumamosi nina kazi nyingine. Miezi kama minne imepita napigiwa simu na kijana mmoja, sauti imekauka. Yule mama alikuwa shangazi yake bwana harusi, ndo aliyemlea, na huyu anayenipigia ni mwanae wa kumzaa. Mama amefariki. Wanatafuta picha nzuri ya kuweka kwenye ratiba ya mazishi, wakakumbuka siku ya harusi alipendeza na mpiga picha alikuwepo.

Sikuwa na kitu. Nilikuwa na pazia jeupe.

Toka siku hiyo napiga RAW (faili ghafi la kamera, halijachakatwa) pamoja na JPEG ya kawaida, nikifika nyumbani usiku ule ule nashusha kwenye diski mbili, moja inabaki geto moja ofisini, na kadi siifuti mpaka nimehesabu faili zote ziko pande zote mbili. Lightroom, ile programu ya kuediti, yenyewe haigusi faili mama, inaandika maelekezo tu pembeni, kwa hiyo hapo upo salama, hatari ipo Photoshop na kwenye simu. Photoshop fanya kila kitu kwenye leya mpya (tabaka linalokaa juu ya picha), sevu kwa jina jingine, mi mwishoni naongeza neno editi na tarehe. Kwenye simu ukitumia Snapseed chagua kusevu nakala, usisevu juu yake. Na kaa na mafailo hayo angalau miaka miwili, diski sio ghali kama kumweleza mtu kwamba mama yake umemfuta.

Jua picha inaenda kwa nani

Kiasi cha editi kinachoruhusiwa kinategemea nani ataitazama na ataamini nini akiiona, kwa hiyo jiulize hilo kabla hujafungua programu.

Kama ni ya habari, we rekebisha mwanga, rangi, kata kingo, basi, mkono wako uishie hapo. Usiongeze, usitoe, usisogeze. Mwaka 2003 Brian Walski, mpiga picha wa gazeti la Los Angeles Times la Marekani, aliunganisha picha mbili alizopiga mwenyewe Basra, Iraki, dakika zile zile, mahali pale pale, ili mwanajeshi na raia wakae vizuri kwenye fremu moja. Akafukuzwa kazi. Mwaka 2006 mpiga picha Adnan Hajj alirudufisha moshi juu ya Beirut ili uonekane mzito zaidi, shirika la habari la Reuters wakaachana naye na wakaziondoa picha zake zote, 920. Narciso Contreras mwaka 2014 yeye alitoa kamera ya mwenzie iliyokuwa kwenye kona ya picha ya Syria, kitu ambacho hata habari yenyewe hakikuwa kinaibadilisha, shirika la habari la AP wakakata naye uhusiano. Unaweza kuona ni ukali uliopitiliza, hata mi ile ya kamera iliniuma, lakini msomaji wa habari hawezi kwenda Syria kuhakikisha, anakuamini wewe tu, kwa hiyo ukitoa kamera leo kesho anajuaje hujatoa maiti.

Ile ninayoipenda kuwapa madogo ni ya Stepan Rudik, mashindano ya World Press Photo mwaka 2010. Jamaa alichukua picha ya rangi, kubwa, akaikata akabakiza kipande kidogo tu cha katikati, akaifanya nyeusi na nyeupe, akaipiga giza na chembechembe mpaka ukiweka na ya mwanzo huamini ni moja. Majaji hawakuwa na shida na yote hayo! Zawadi ikaondolewa kwa sababu ya ncha ya mguu wa mtu iliyokuwa inachungulia nyuma ya mkono, aliifuta. Kidude kadogo kweli. Yani wao kukoleza sio tatizo, kufuta kitu kilichokuwepo ndo tatizo. Na mwaka 2015 walipodai mafailo ya mwanzo kwa picha zilizofika raundi ya karibu na mwisho, kama asilimia 20 zilitolewa. Kwa hiyo ukiingia mashindano yoyote soma masharti mpaka mwisho na uwe na RAW yako, wasipoiomba leo wataiomba ukishinda.

Picha ya kitambulisho na viza usiiguse kabisa, hata chunusi iache. Ile ya viza ya Marekani na ya bahati nasibu ya grinikadi wamesema wazi hawataki picha iliyobadilishwa kidijitali, na miwani hairuhusiwi toka mwaka 2016. Nimeona vijana wa studio wanalainisha uso kwenye picha za pasipoti eti huduma ya ziada. Jamani. Ile picha mashine itailinganisha na sura yako uwanja wa ndege.

Tangazo na sanaa we jiachie, isipokuwa kama unauza bidhaa, maana ukimfanya kuku aonekane mkubwa kuliko atakayekuja mezani hilo sio suala la sanaa tena.

Harusi, birthday, kitchen party, ubatizo, hapo ni katikati na ndo kugumu zaidi, maana hakuna aliyeandika sheria, na picha hizo hizo ndo baada ya miaka thelathini zinakuwa ushahidi pekee kwamba watu fulani walikuwepo siku fulani.

Editi yenyewe, na hapa kwenye ngozi ndo wengi wanapotelea

Nianze na stori fupi. Zamani maabara za filamu zilikuwa zinapima rangi kwa kadi yenye picha ya mwanamke wa kizungu, waliiita kadi ya Shirley, ngozi yake ikikaa sawa basi mashine imekaa sawa. Ndo maana albamu za zamani unaona bwana harusi ni macho na meno na suti. Kodak walikuja kuboresha namna filamu inavyoshika rangi za kahawia, na mojawapo ya sababu ni watengeneza fanicha na wa chokoleti kulalamika. Yani mbao na chokoleti zilisikilizwa kabla yetu, haya.

Sasa leo huna kisingizio cha filamu lakini watu wananunua priseti mtandaoni (mipangilio ya editi iliyoandaliwa tayari) zilizotengenezwa na mtu anayepiga wazungu kwenye nyasi za manjano, wanazibandika kwa bibi harusi wa Mbagala, anatoka rangi ya chungwa au kijivu kama amepakwa majivu. Tupa hizo priseti. Fanya hivi.

Anzia kwenye kamera, maana nusu ya editi mbaya ni kupiga vibaya. Gauni jeupe linaidanganya kamera, inaona mwanga mwingi inafunga, uso unazama gizani. Pima mwanga usoni, sio kwenye gauni, halafu angalia tu paji la uso na ncha ya pua visiungue. Beba tishu. Jasho la ukumbini ukilifuta kwa tishu ni sekunde tano, ukilifuta kwa Photoshop ni nusu saa na bado haikai sawa.

Ukifika kwenye kompyuta, anza na joto la rangi. Ukiwa na kadi ya kijivu vizuri, kama huna watu wengi wanabonyeza kitu cheupe, sasa angalizo, kanzu nyeupe ya kwetu mara nyingi imepigwa bluu ya kufulia, ukiibonyeza programu inadhani ile bluu ni nyeupe, inageuza watu wote wanakuwa njano. Mi nabonyeza sahani au kikombe cha ukumbini. Na zile taa za zambarau za madijei usihangaike kuziondoa zote, aliyekuwepo anakumbuka palikuwa na zambarau, toa tu kwenye nyuso kwa maski (kuchagua sehemu hiyo peke yake), nyuma iache.

Halafu rekebisha mwanga wa jumla kidogo, nyanyua shedo (sehemu za giza) kidogo, punguza hailaiti (sehemu zinazong'aa). Sasa fika kwenye uchanganyaji wa rangi, kuna slaida ya mwangaza wa rangi ya chungwa. Hiyo ndo sumu. Ngozi yetu ipo humo na kwenye nyekundu, ukiipandisha mtu anakuwa mweupe ndani ya sekunde moja, na macho yako yanazoea haraka sana, baada ya picha tano unaona hiyo ndo kawaida. Mi siivukishi tano, mara nyingi nairudisha chini kidogo ili ngozi ipate uzito wake. Na mwanzo wa kazi nachagua picha moja iliyopigwa nje kivulini, mchana, mtu ana rangi yake, naiweka pembeni kwenye skrini kama kipimo cha siku nzima.

Mteja akisema "nifanye mweupe kidogo", na watasema, usianze kumhubiria. Mi namwambia dada ngoja nikuongezee nuru, naongeza mwanga kwenye fremu nzima pamoja na gauni na ukuta, sio yeye peke yake, naongeza mng'ao kidogo kwenye macho, namwonyesha. Tisa kati ya kumi anafurahi, maana alichokuwa anataka ni kuonekana, weupe ndo neno alilokuwa nalo mdomoni. Yule wa kumi aking'ang'ania namfanyia moja, namwekea na ya rangi yake pembeni, achague. Mara nyingi mama yake mzazi ndo anamchagulia.

Kulainisha ngozi, usiburuze slaida ya ulaini uso mzima, unatoa vinyweleo vyote mtu anabaki kama sanamu la dukani Kariakoo. Leya mpya, brashi ya kutibu, gusa kimoja kimoja, ukimaliza shusha leya ifike asilimia sitini hivi ili kitu kibaki kwa mbali. Mng'ao wa ngozi nyeusi usiumalize, ule ndo unachora shavu na taya, ukiuua uso unakuwa bapa kama chapati.

Kutoa vitu

Kanuni yangu ya mtaani: kitakachoondoka chenyewe ndani ya wiki mbili naruhusiwa kukiondoa. Chunusi, uzi kwenye suti, mchanga, chupa ya maji iliyosahauliwa mezani, alama ya kuumwa na mbu. Kovu, chale, doa la kuzaliwa, mwanya, kitambi, hivyo ni vya mtu, sivigusi mpaka mwenyewe aniombe kwa mdomo wake, na ndugu yake hahesabiki. Nimewahi kumtoa binti alama ya chini ya jicho nikijua nimemsaidia, akaniandikia meseji moja tu, "alama yangu iko wapi?"

Nyaya za umeme juu ya kanisa natoa, sijali, hakuna atakayezikumbuka. Watu sitoi. Aliyepita nyuma akiharibu nakata kingo au nachagua fremu nyingine, na kwa kweli siku hizi nikipiga picha za familia napiga kwa awamu, kwanza wote, halafu wenye sare tu, halafu maharusi na wazazi, ili mtu asije kuniomba kufuta shangazi.

Kukata kingo nako kunaweza kudanganya kuliko Photoshop, msijisahau. Chukua mkutano wa watu mia mbili, kaa chini, weka lenzi ndefu, watu wanabanana kwenye fremu unaona umati hadi upeo wa macho, na hujaediti pikseli hata moja. Mwaka 2009 kuna picha ya mbwamwitu anaruka geti usiku ilishinda mashindano makubwa ya wanyamapori kule London, haikuguswa na kompyuta, mwaka uliofuata ikanyang'anywa ushindi kwa sababu majaji waliona huyo mnyama ni wa kufugwa, kafundishwa. Kwa hiyo mtu akikuringia "mi siediti", muulize alisimama wapi na alikata nini.

Kubadili anga

Programu zinafanya kwa kubonyeza mara moja ndo maana kila harusi ya Coco Beach siku hizi ina machweo yale yale, nadhani kuna machweo mawili tu yanazunguka Dar nzima. Tena Coco Beach inatazama mashariki! Jua linazama nyuma ya mpiga picha, kwenye majumba, sio baharini. Mtu wa Oysterbay akiona hiyo picha anacheka kabla hajawatazama maharusi.

Ukiamua kufanya basi fanya kwa akili. Angalia vivuli vya watu vinaelekea wapi, anga lako jipya jua lake likae upande wa pili. Anga la jioni linahitaji na ngozi na gauni vipate ujoto wa jioni, usiache gauni la saa saba mchana chini ya mbingu ya saa kumi na mbili. Maji na vioo vya gari vinabeba rangi ya mbingu, vibadili navyo. Pembeni ya nywele, hasa afro na shela, ndo panapokuumbua, zuum mia kwa mia upite kwa maski ya mkono. Ukimaliza vyote, jua kwamba umetengeneza kitu kizuri ambacho kipimo changu kinakikataa, aliyekuwepo atasema siku ile kulikuwa na mawingu. Kiite picha ya kuunganisha, ishia hapo, hakuna wa kukukamata.

AI

Hapa nirudi kwa yule kijana. Baada ya kumwambia sina picha ya mama yake, binamu mmoja akapata kwenye simu yake picha aliyopiga yeye siku ile ya harusi, mama kwenye kitenge cha kijani, anacheka, imetikisika na imefifia. Ilitumika kwenye mazishi hivyo hivyo. Mwaka juzi kijana akarudi, anataka kuikuza iwekwe sebuleni, akasikia kuna programu za AI (akili bandia) zinasafisha. Nikaiingiza, ikatoka kali, kope moja moja, ngozi safi, meno yamepangika. Nikaona nimelipa deni. Kijana akaiangalia muda mrefu halafu akasema taratibu, "kaka, huyu siye mama."

Na alikuwa sahihi, zile programu hazisafishi, zinabuni. Uso ukiwa ukungu haina cha kunoa, kwa hiyo inachukua sura za watu wengi ilizofundishwa nazo inakisia pua, inakisia meno. Mama alikuwa na jino moja limepanda juu ya jingine, kwenye picha iliyotikisika linaonekana kwa mbali, AI ikalinyoosha. Tukarudi kwenye ile ya simu, nikapunguza tu chembechembe, nikaongeza kontrasti kidogo, nikarudisha ukijani wa kitenge, nikaichapa ndogo ili ukungu usionekane sana. Iko ukutani.

Kwa hiyo picha za zamani za wazee, sikani kwanza kwa ubora wa juu, ziba michaniko, toa madoa, rudisha rangi iliyopauka, uso usiukabidhi kwa mashine. Kama mwenye picha anataka kabisa sura iliyonolewa mpe, lakini na ile sikani ya mwanzo mpe kwenye flashi hiyo hiyo.

AI ya kuongeza kipande cha ukuta pembeni ili fremu itoshe, mi naona ni yale yale ya kufuta waya, haibadilishi nani alikuwepo. AI ya kuzalisha picha nzima kwa maandishi hiyo haina mwanga ulioingia kwenye lenzi, hakuna aliyekuwepo wa kumuuliza, kipimo chenyewe hakina pa kukanyagia. Mwaka 2023 Mjerumani Boris Eldagsen aliingiza picha ya namna hiyo kwenye mashindano ya Sony, ikashinda kipengele chake, akaikataa zawadi mwenyewe akisema alikuwa anawapima. Mwaka uliofuata mpiga picha Miles Astray akaugeuza mchezo kwenye mashindano mengine, akapeleka picha ya kweli ya flamingo, ndege kainamisha kichwa kimepotea chini ya mwili, kwenye kipengele cha AI, ikapata tuzo, wakaitoa walipojua ni halisi. Picha ile haikuwa ya kubuni, kama angekuwepo mtu pale ufukweni angesema "ndiyo, alikuwa anajikuna."

Kuandika jina na kuweka bei

Mi nina maneno matatu tu ninayoandika chini ya kazi. Nikirekebisha mwanga, rangi na vidude vya wiki mbili, naandika "picha", sielezi kitu. Nikibadili anga, nikihamisha mtu, nikimwongeza baba aliyekuwa safarini, naandika "picha ya kuunganisha". Mashine ikibuni sehemu inayoonekana, naandika "AI imetumika" na sehemu gani. Maneno mawili matatu, hayapunguzi wateja, nimejaribu. Tazama ile ya familia ya kifalme ya Uingereza Machi 2024, Kate na watoto, mkono wa sweta umekatika kidogo tu, mashirika makubwa ya habari yakaiondoa siku hiyo hiyo na dunia nzima ikazidi kubuni stori, na ilikuwa ni picha ya mama na watoto wake.

Siku hizi kuna kamera zinaandika ndani ya faili historia ya picha, nani kapiga na kipi kimebadilishwa, Leica walitoa ya kwanza ya namna hiyo mwaka 2023, na Photoshop inaweza kuendeleza hiyo historia. Kitu kizuri, ila ukituma picha WhatsApp kwa njia ya kawaida maelezo ya ndani ya faili yanafutwa na ubora unashuka, kwa hiyo kazi ya mteja tuma kama dokyumenti, au peleka flashi.

Bei nazo tenganisha. Editi ya kawaida imo ndani ya bei ya harusi. Kuunganisha na kubadili anga ni kwa picha moja moja, analipa pembeni. Hii inasaidia kuliko mahubiri yoyote, mtu aliyetaka anga jipya kwenye picha themanini akisikia bei anachagua mbili.

Juzi kuna dada alitaka awekwe mbele ya Burj Khalifa, ameshajipiga studio kwa pazia la kijani kabisa, kajipanga. Nikamfanyia, vivuli vimekaa, mwanga umekaa, hata mi niliipenda. Kwenye kona kwa herufi ndogo nikaandika "picha ya kuunganisha". Akaikata kona, akaposti, na "Dubai umenipokea vizuri" juu yake. Mi faili lenye kona ninalo kwenye diski zote mbili.